Geti la kibaraza

Kumbukumbu za kikao kile niliziandika mwenyewe, na hati yangu ni nzuri. Ajenda ya 4: "Kuimarisha usalama wa kibaraza." Chini yake mistari mitatu tu: waumini wamelalamika, fundi wa kuchomelea ameleta makadirio yake, kikao kimeafiki geti la chuma liwekwe, liwe linafungwa baada ya Isha na kufunguliwa kabla ya Alfajiri. Hakuna nilipoandika kwamba pale kibarazani kuna mtu analala. Ukizisoma leo utadhani msikiti ulikuwa unajikinga na upepo.

Mtu alikuwapo. Mzee wa kukaribia miaka sitini, mrefu, mkimya, analala pembeni karibu na rafu za viatu, kichwa kakilaza juu ya viatu vyake mwenyewe. Kamba za viatu kazifunga kwenye kifundo cha mkono. Hilo niliwahi kuliona nikadhani ni wazimu. Kwa miezi kama minane nilimpita nikiingia kuswali na nikampita nikitoka. Nilikuwa na udhu, tasbihi mkononi, na cheo: katibu wa kamati ya zaka na sadaka, mwaka wa tisa huo. Vikao karibu mia moja. Na katika miaka yote hiyo hapakuwa na hata mtu mmoja asiye na makao niliyemjua kwa jina.

Kamati ilikuwa inafanya kazi, nisije nikaidhulumu. Zaka ilikusanywa, fungu moja katika arobaini kwa mali iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kupitiwa na mwaka, ikagawiwa, ikaandikwa. Zaka ya fitri ilitoka kabla ya sala ya Idi kama inavyotakiwa. Ijumaa palikuwa na chakula, Ramadhani futari kila jioni. Hesabu zilikaguliwa na haikupotea hata senti. Wakati ule ungeniuliza kama sisi wenye dini tunawafanyia vya kutosha watu wanaolala nje, ningekufungulia daftari.

Na yule mzee tulimjadili, tena kwa kirefu. Mweka hazina wetu ni mtu mwangalifu. Akakumbusha, na alikuwa sahihi, kwamba wanazuoni wengi wanaona zaka ni haki ya Waislamu, na kwamba sadaka ya kawaida ndiyo isiyo na mpaka huo. Je, huyu ni Mwislamu? Mwingine akauliza ni fakiri au ni maskini, maana aya ya 60 ya Sura ya 9 imetaja mafungu manane na imewatenganisha hao wawili. Wa tatu akasema labda ni mwana wa njia, msafiri aliyekatikiwa. Hoja zilikuwa nzuri, mpaka imamu akatoa kitabu. Tulikaa saa nzima. Kutoka mezani petu hadi alipolala ni hatua ishirini, na hakuna aliyeinuka kwenda kumwuliza.

Geti likaja, likapakwa rangi ya kijani.

Kuzungumza naye nilianza kwa makosa. Muadhini aliugua, funguo zikawa kwangu kwa wiki moja. Usiku mmoja mvua ilinyesha mfululizo, nikafika kabla ya Alfajiri huku nimejitanda shuka, giza totoro, nikaona mtu kasimama nje ya geti, mgongo kaugandamiza kwenye ukuta pale paa linapochomoza kiasi cha shubiri mbili. Nikadhani ni mmoja wa wazee wetu kawahi. Nikasema, "Shikamoo mzee."

Kimya. Akakohoa. Nikawa nimeshaanza kuhangaika na kufuli ndipo jibu likaja, sauti ya mtu anayetafuta kitu alichokiweka siku nyingi: "Marahaba, mwanangu."

Nilipowasha taa nikamwona ni nani. Alikuwa amelowa toka magotini kwenda chini, na mbele ya kifua shati lilikuwa limevimba, kakumbatia kitu ndani yake. Nikafungua, akaingia, akaketi pale pale pa siku zote kama vile geti halijawahi kuwapo. Nikaadhini. Sikumwambia kwamba nilimwamkia kwa kudhani ni mtu mwingine. Nadhani alijua.

Baada ya sala nilikaa karibu yake, si kwa wema. Nilikuwa na aibu na mvua haijakatika. Kilichokuwa kifuani ni mfuko wa nailoni, ndani yake mwingine, ndani yake tena mwingine, na katikati karatasi: cheti cha ufundi seremala, barua mbili za kazi, picha moja. Kitambulisho hakikuwamo. Kiliibiwa pamoja na begi, usiku, akiwa usingizini. Ndiyo maana ya zile kamba za viatu kifundoni. Ndiyo pia maana ya jambo lililokuwa likitukera sana sisi watu wa kamati, kwamba anashinda amelala mchana kutwa badala ya kutafuta kazi. "Usiku halali mtu, katibu," aliniambia. "Usiku unalinda." Ili apate kitambulisho kingine alitakiwa ataje anapoishi. Ili apate mahali pa kuishi, mwenye nyumba anataka kitambulisho. Mzunguko huo aliueleza bila uchungu, kama fundi anayekuonyesha kwa nini mlango hauingii kwenye fremu.

Nilimuuliza anahitaji nini nikitarajia aseme chakula. Akacheka. "Ijumaa nashiba mpaka namwaga. Jumanne ndiyo inanishinda." Ramadhani, akasema, anaitwa huku na huku kama bwana harusi, Shawwal inapoandama haonekani tena. Alichokitaka, kwa mpangilio wake mwenyewe: mahali pa kuweka mfuko, choo kisichofungwa usiku, soksi, na mtu wa kumwandikia barua ya kumthibitisha. Katika miaka tisa kamati yangu haikuwahi kugawa soksi. Ukitembea kutwa na viatu vilivyolowa, miguu ndiyo inayokwenda kwanza. Alinionyesha wa kushoto na sitaueleza.

Nikamuuliza na lile lililotutoa jasho kikaoni: yeye ni dini gani? Akanitazama. "Nikikutajia, utaniongezea au utanipunguzia?"

Sijapata jibu lake mpaka leo, wala sikuuliza tena.

Kuna sura fupi, ya 107, ambayo karibu kila mwenye kuswali anaijua kwa moyo. Inataja wanaoswali huku wanajionyesha, nao wanazuia hata msaada mdogo wa kawaida. Kwa kuwa ni fupi, mimi huisoma nikiwa na haraka. Siku ile nilikuwa nimeisoma katika rakaa ya pili, watu wakiwa nyuma yangu, na mzee kalowa upande wa pili wa ukuta.

Mwenzangu mmoja kazini ni Mkristo aliyesoma theolojia kabla ya kuhamia uhasibu. Nilipomsimulia hakushangaa, akanipa kisa kilichonikaa kichwani. Mwaka 1973 watafiti wawili, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la jirani kutoa hotuba fupi. Wengine walipewa mada ya kazi za wahitimu, wengine walipewa kisa cha Msamaria Mwema, yule wa Injili ya Luka aliyemhudumia majeruhi njiani baada ya kuhani na Mlawi kumpita. Kichochoroni walikopita aliwekwa mtu kajikunja, anakohoa na kugumia. Waliosaidia kwa namna yoyote walikuwa 16. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Kilicholeta tofauti ni haraka: katika wale walioambiwa wamechelewa alisimama mmoja katika kila kumi, na katika wale wenye nafasi wakasimama zaidi ya nusu. Wapo waliomruka yule mtu ili wawahi kuzungumzia huruma.

"Sasa hao walikuwa hawana imani?" akaniuliza. Nikasema walikuwa na ratiba.

Nilirudi kwenye vitabu vyetu nikitafuta, nakiri, kitu cha kujitetea. Nikakuta kinyume chake. Msikiti wa Mtume mjini Madina ulikuwa na watu wanaolala humo. Kibla kilipohamishwa kutoka Yerusalemu kwenda Makka, mwaka wa 2 wa Hijria, ile sehemu ya kaskazini iliyokuwa mbele ikabaki nyuma, ikaezekwa, na wakakaa hapo watu wasio na mali wala jamaa. Wakaitwa watu wa Suffa, yaani, kwa Kiswahili chetu, watu wa kibarazani. Kisa chao nilikuwa nimekisikia tangu chuoni na nimekihadithia mara nyingi. Haikuwahi kunijia kwamba sisi tumeweka geti mahali ambapo msikiti ule uliweka paa.

Abu Huraira alikuwa mmoja wao. Katika Sahihi ya Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, anasimulia alivyokaa njiani na njaa, kajifunga jiwe tumboni. Akapita Abu Bakr, akamuuliza kuhusu aya, na yeye mwenyewe anasema hakuuliza ila apate kulishwa. Akajibiwa aya yake, yule akapita. Akaja Umar, ikawa vile vile. Kisha akapita Mtume, akamtazama usoni, akatabasamu, akajua. Bakuli la maziwa lililokuwa nyumbani likanywewa na watu wote wa Suffa kabla Abu Huraira hajaambiwa naye akae anywe. Nilikuwa nikiishia kwenye muujiza wa bakuli. Sasa nasimama kabla yake, pale watu bora kabisa baada ya Mtume wanapoulizwa swali la dini na mwenye njaa, wanamjibu swali la dini, wanakwenda zao. Kama liliweza kuwapita wao, sisi tulio na ajenda na mweka hazina tuna hatari gani!

Halafu pana hadithi nyingine, imo humo humo kwa Bukhari, ambayo ndiyo iliyonifunga mdomo. Mtume aliwaambia masahaba kwamba mwenye chakula cha wawili achukue wa tatu, mwenye cha wanne achukue wa tano au wa sita. Abu Bakr akaenda na watatu, Mtume akaenda na kumi. Walichukuliwa kwenda majumbani.

Mwenzangu naye alikuwa na wa kwake. Yohana Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, aliwasihi waumini kila mmoja awe na chumba nyumbani kwake kwa ajili ya mgeni na maskini. Wakamjibu kwamba kanisa lina nyumba ya wageni na lina fedha zake. Akawauliza, kwa maneno ninayoyafupisha, kama mtu mwingine akiswali, wewe huna tena haja ya kuswali? Nilicheka, kwa sababu ndivyo hasa nilivyokuwa nikifanya. Kila ombaomba aliyenisimamisha barabarani nilimwelekeza ofisini. Kamati ilikuwa ndiyo dhamiri yangu. Nimeiajiri, inanifanyia kazi, mimi niko huru.

Basi nikajitia ushujaa. Nyumbani tuna chumba cha uani kilichokuwa stoo. Mke wangu hakupinga, ila aliuliza maswali ambayo mtu mwenye watoto wa kike lazima ayaulize, na nilimkasirikia kwa kuyauliza, na nilikosea kumkasirikia. Tukakubaliana mambo ya mlango na funguo. Mzee akaja na mfuko wake.

Alikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikwenda kumwamsha Alfajiri nikakuta kitanda kimetandikwa, blanketi limekunjwa pembe kwa pembe, soksi nilizomnunulia juu yake, jozi mbili, mpya. Hakuaga.

Neno la kwanza kunijia lilikuwa "shukrani ya punda". Nilishinda nalo siku tatu nikilitafuna. Nikawaambia wenzangu wa kamati, nao wakatikisa vichwa kwa namna ya watu waliokwishajua. Mmoja akasema hawa watu wamezoea, ukimpa nyumba anaona jela. Hilo la "wamezoea" nalisikia mno, na kwa kawaida linasemwa na mtu aliyetoka kuoga.

Nilimkuta wiki mbili baadaye kwa fundi viatu mmoja, kakaa kwenye benchi anasaidia kupiga misumari. Nikamsalimia kwa ukavu. Hakukwepa. Alisema, "Katibu, kila mgeni aliyekuja kwako ulimleta uani anione." Nikataka kukanusha nikaanza kuhesabu. Shemeji zangu. Imamu. Watu wawili wa kamati. Jirani aliyekuja kuazima ngazi. Wote niliwapitisha uani, na kila mara nilianza hadithi mahali pale pale, kwenye mvua. "Na Alfajiri ulikuwa unaniamsha bila kuniuliza kama nataka kuamka." Kisha, bila kuinua macho kwenye kiatu: "Kibarazani nilikuwa sionekani. Kwako nilionekana mpaka nikachoka."

Tuna aya, ya 8 na ya 9 katika Sura ya 76, za watu wanaolisha maskini na yatima na mfungwa, wanasema hatutaki kwenu malipo wala shukrani. Mimi shukrani nilikuwa naidai kwa riba.

Pale kwenye benchi ndipo nilipopata habari ambazo daftari langu halikuwa nazo. Yule fundi viatu, ambaye msikitini hata Ijumaa hatumwoni, na ambaye kwenye vikao vyetu alitajwa mara moja tu kwa kero ya kelele za nyundo, ndiye aliyekuwa akimtunzia begi jingine mchana, mwaka wa pili. Na palikuwa na bibi mmoja, mjane, anayekaa safu ya nyuma kabisa upande wa wanawake, ambaye kila Jumatano alichukua nguo zake kwenda kufua na kuzirudisha zimekunjwa, na kwa kuwa mzee hakupenda kudaiwa wema, alimletea naye vigoda vyake vibovu avitengeneze. Hakuna aliyejua. Bibi huyo hajawahi kusimama kutoa neno, na katika orodha yangu ya wachangiaji jina lake lina kiasi kidogo kuliko yote.

Kwa hiyo swali lile likaja kunigeuka. Nikitaka kusema wenye dini hawafanyi vya kutosha, namwona bibi. Nikitaka kusema wanafanya, naona geti la kijani. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba wanaofanya kweli hawamo katika taarifa zetu, na sisi tuliomo katika taarifa hatumjui mtu yeyote. Fedha tunatoa, tena si haba. Lakini tunazitoa kwa kuzirusha, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemwamini. Kuna mambo ambayo fedha ya pamoja inayaweza na mimi peke yangu siyawezi: kodi, hospitali, mwanasheria. Ila kumjua mtu kwamba haogopi mvua bali anaogopa Jumanne, hilo kamati haiwezi kukufanyia. Na aya ya Isaya aliyonisomea mwenzangu, sura ya 58, haisemi wapelekwe ofisini; inasema "kuwaleta maskini waliotupwa nje nyumbani kwako". Nyumbani kwangu nilimleta, nikamfanya pambo. Hata hilo la kumleta lina adabu zake.

Safari ya pili nilimuuliza kwanza. Alitaka chumba chake, mlango wake, na mkataba wenye jina lake. Hakutaka masharti ya sala wala ya kuacha pombe, maana alikuwa akinywa, kidogo, usiku wa baridi, nami nilikuwa nimejifanya sisikii harufu. Hapo kamati ikagawanyika tena. Fedha ya zaka apewe mlevi? Kwanza aache, kisha tumsaidie. Nami zamani ningesema hivyo hivyo, maana linaingia akilini. Lakini mwenzangu wa uhasibu aliwahi kunieleza kwamba mwaka 1992 huko New York mwanasaikolojia Sam Tsemberis aliligeuza jambo hili kichwa chini: mpe mtu nyumba kwanza, bila kumtaka awe safi kwanza, halafu matibabu na mengine yafuate akiyataka, na wengi wakabaki katika nyumba hizo. Ufini ikalifanya kuwa sera ya nchi kuanzia mwaka 2008, idadi ya wanaokosa makao kwa muda mrefu ikashuka. Ukifikiri si ajabu. Mwambie mtu aache pombe akiwa amelala sakafuni na kamba za viatu mkononi, halafu jaribu wewe.

Kamati ilikataa. Tukajitoa watu watano, kwa mifuko yetu: mimi, mwenzangu Mkristo, imamu, ambaye alikuja peke yake usiku na kuniomba nisimtaje mbele ya wengine (na hapa namtaja, Mungu anisamehe), fundi viatu, na bibi. Bibi alitoa kiasi chake kile kile kidogo. Tulilipa kodi ya miezi sita. Barua ya kumthibitisha niliiandika mimi kwa hati yangu nzuri, na kitambulisho kikatoka mwezi wa tatu.

Ningependa kusema mambo yalinyooka. Miezi miwili ya kwanza alilala sakafuni karibu na mlango, kitanda kipo. Mwezi wa nne alipotea wiki nzima, akarudi na uso umevimba, hakueleza. Kodi ya mwezi wa saba alilipa nusu, ya nane yote, ya tisa hakulipa kabisa. Kazi anapata za kubangaiza. Mkono wake wa kulia uliwahi kuvunjika na haushiki randa kama zamani. Kuvunjika huko ndiko kulikoanzia yote: kazi ikasimama, kodi ikalala, zana zikauzwa moja moja, vyombo vikatolewa nje, akaenda kwa ndugu yake, wakagombana juu ya chakula cha watoto, akaondoka kwa aibu. Hakuna siku moja ambayo unaweza kuinyoshea kidole ukasema hapa ndipo alipopotea. Jina lake ninalijua sasa, la ukoo wake pia, na ndiyo sababu silitaji hapa; limeshaonyeshwa wageni vya kutosha.

Ananiita katibu bado, ingawa ukatibu niliuachia. Rafu za viatu za msikiti amezitengeneza upya yeye, tukamlipa, na mweka hazina, mwangalifu kama kawaida, alimdai risiti.

Suala la geti nililirudisha kikaoni kama muumini wa kawaida. Nikawasomea habari za Suffa. Wakanisikiliza vizuri, wengine machozi yaliwalenga, kisha tukapiga kura: wawili liondoke, saba libaki. Hawakuwa wabaya. Kipaza sauti kiliwahi kuibiwa, zulia lilichomwa na sigara, na hayo ni kweli. Tuliafikiana choo cha nje kisifungwe usiku, na ufunguo mmoja wa geti ukae kwangu kwa kuwa ndiye ninayekaa karibu.

Wapo wengine sasa. Kijana mmoja, na mama mwenye mtoto anayekuja na kuondoka. Mvua ikianza usiku huwa nainuka kwenda kuwafungulia. Si kila mvua. Nyingine naisikia vizuri tu juu ya bati, ikizidi, nami navuta shuka.